Inveta inazima jua likiwa kali: tatizo ni gridi, inveta au waya?

Swali: "Nimefunga sola nyumbani kwangu Kihonda, Morogoro. Nina paneli 10 za wati 550 na inveta ya kilowati 5 ya fezi moja iliyounganishwa na gridi. Transfoma iko kama mita 600 kutoka kwangu, na mimi ni nyumba ya mwisho kwenye laini. Asubuhi kila kitu kiko sawa. Kuanzia saa tano hadi saa nane mchana inveta inazima, inasubiri kidogo, inawaka, inazima tena. Kioo kinaonyesha volteji ya gridi imezidi. Nimewahi kuona 257. Usiku volteji inashuka hadi 205 na taa zinafifia. Fundi mmoja anataka aingie kwenye mipangilio apandishe kikomo hadi 270. Mwingine anasema ninunue stebilaiza. Jirani analalamika kwamba tangu nifunge sola taa zake zinawaka kupita kiasi mchana. Mbovu ni gridi au ni inveta yangu? Nianzie wapi kabla sijatumia hela nyingine?"

Jibu: Pole kwa usumbufu. Inaudhi kuona mtambo uliougharamia unazima saa zile zile ambazo jua liko utosini. Kwa maelezo uliyotoa, inveta yako inafanya kazi yake vizuri, na gridi yenyewe haijaharibika. Kinachokusumbua ni ukinzani, yaani jinsi waya ulio kati yako na transfoma unavyouzuia mkondo kupita, na waya huohuo ndio unaokupa taa hafifu usiku. Hebu tuupime, maana ukishazijua namba zake hakuna fundi atakayekuuzia kitu usichokihitaji.

Kabla ya namba, ondoa hatari moja kwanza. Je, volteji inaruka ghafla bila mpangilio, usiku na mchana, majirani wakiwasha pasi au birika? Kuna nyumba inayopata volti 160 huku nyingine inapata 280? Bodi ya friji au bomba la chuma vinapiga shoti? Ukiona hata moja kati ya haya, huenda nyutro ya laini, yaani waya wa kurudishia umeme, imelegea au imekatika, na hilo halina uhusiano na sola. Zima meinswichi, zima inveta, piga simu ya dharura ya TANESCO, shirika la umeme, siku hiyohiyo, na waambie majirani nao wazime. Kama volteji yako inapanda taratibu pamoja na jua na kushuka taratibu jioni, tuendelee.

Umeme hutiririka kutoka penye volteji kubwa kwenda penye volteji ndogo. Usiku unatoka kwenye transfoma kuja kwako, kwa hiyo volteji yako lazima iwe chini ya ile ya transfoma. Mchana inveta inapousukuma umeme kurudi mtaani, lazima volteji ya kwako iwe juu kuliko ya transfoma, la sivyo hakuna kitakachotoka. Inveta haina hila nyingine. Huipandisha volteji ya mlangoni kwake hadi mkondo upite, na kadiri waya ulivyo mwembamba na mrefu ndivyo inavyolazimika kuipandisha zaidi.

Sasa namba. Laini nyingi za mitaani zimetandazwa kwa waya wa ABC, ule mweusi uliosokotwa. Nichukulie wako ni wa alumini wa milimita za mraba 50. Kilomita moja ya waya huo ina ukinzani wa omu 0.641. Kwa fezi moja mkondo huenda kwa fezi na kurudi kwa nyutro, kwa hiyo mita 600 zinahesabiwa mara mbili: omu 0.77. Kutoka nguzoni hadi kwenye mita yako, tuseme mita 30 za alumini ya milimita za mraba 16, ongeza omu 0.11. Kutoka meinswichi hadi kwenye inveta, kama fundi ametumia waya wa shaba wa milimita za mraba 4 kwa mita 20, ongeza omu 0.18. Jumla ni kama omu 1.07. Hizi ni namba za waya uliopoa. Ukipigwa na jua la mchana ukinzani wa sehemu ya nje hupanda kwa kama asilimia 10.

Paneli zako za kilowati 5.5, zikishapata joto na vumbi kidogo, zinaweza kutoa kilowati 4.5 saa sita. Kwa volti 245 hiyo ni ampea 18.4. Zidisha kwa omu 1.07, unapata volti 19.6. Kama transfoma mchana inatoa 238, kwenye inveta inasomeka 257 na ushei. Ndiyo namba uliyoiona.

Kiwango cha kimataifa cha IEC 60038 kinataja volti 230 kwa fezi, na asilimia 10 juu au chini katika hali ya kawaida. Maana yake ni kati ya 207 na 253. Inveta ikiona 253 imepitwa inajitoa, kama ilivyopangwa. Ikishajitoa mkondo unakatika, zile volti 19 zinatoweka, na kioo kinasoma 238 safi kabisa. Inahesabu muda wake wa kusubiri, inarudi, inaanza kusukuma, volteji inapanda, inajitoa tena. Ndiyo maana unaona huo mchezo wa kuwaka na kuzima kuanzia saa tano hadi saa nane.

Jirani yako naye hajakosea. Kama yuko nguzo ya karibu na yako na mko fezi moja, anapata kama volti 252 mchana. Aliye katikati ya laini, mita 300 kutoka transfoma, anapandishiwa volti 7 tu. Walio kwenye fezi nyingine wanaweza hata kushushiwa volti 3 hivi, kwa sababu mkondo wako unaisogeza nyutro. Kwa hiyo mkiulizana mtaani mtapeana majibu tofauti, na wote mtakuwa mnasema kweli.

Usiku mambo yanageuka. Watu wanapika, wanapiga pasi, wanatazama televisheni, na umeme wote unakuja mwisho wa laini kupitia waya uleule. Hapo ndipo unapopata 205. Ili wa mwisho wasikae gizani, transfoma nyingi za mtaani hupangwa juu kidogo kwa tepu, yaani swichi inayoamua volteji inayotoka kwenye transfoma. Tepu hiyo haijibadilishi yenyewe. Fundi wa shirika huihamisha kwa mkono, umeme ukiwa umezimwa, na kwa kawaida hatua moja ni asilimia 2.5, yaani volti 6 hivi. Ukiomba ishushwe hatua moja, mchana wako utatoka 257 hadi 251, lakini usiku utatoka 205 hadi 199. Tepu moja haiwezi kuponya mchana na usiku kwa pamoja, kwa hiyo usishangae shirika likikataa kuigusa.

Sasa nirudi kwa mafundi wako wawili.

Kupandisha kikomo hadi 270: usikubali. Najua kunavutia kwa sababu ni bure na inveta haitazima tena. Lakini volti zitakazopanda haziishii kwenye inveta. Zinaingia kwenye friji yako, kwenye chaja zako, na nyumbani kwa jirani ambaye hakuombwa ruhusa. Mota ya friji ikipewa volteji ya juu muda mrefu inavuta mkondo zaidi kuliko inavyohitaji na kupata joto. Balbu ya zamani ya waya, ikiongezewa asilimia 10 ya volteji, uhai wake hubaki chini ya theluthi moja. Kuna jambo kubwa zaidi. Kwenye inveta nyingi, fundi hupandisha kikomo kwa kubadilisha mpangilio wa nchi, na mpangilio huo hubeba pia vikomo vya masafa ya umeme na ulinzi unaoizima inveta gridi inapokatika. Ulinzi huo ndio unaomlinda fundi wa laini aliyepanda nguzo akiamini waya umekufa. Hapo kuna uhai wa mtu.

Stebilaiza: haitatibu. Imetengenezwa kupokea umeme upande mmoja na kuutoa upande mwingine kwa vifaa. Ukiiweka kati ya inveta na gridi unaitaka ifanye kazi kinyumenyume, na kila inapobadilisha hatua volteji inaruka na inveta inajitoa tena. Volteji ya laini nayo inabaki palepale. Stebilaiza ina faida kwako usiku, ukiiweka kwenye friji na televisheni peke yake kwa ajili ya ile 205. Kwa hilo inunue ukipenda, ila ujue unanunulia tatizo lipi.

Cha kuanza nacho ni vipimo, na havihitaji zaidi ya saa moja. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, aje na mita nzuri ya kupimia, ya daraja la usalama la CAT III volti 600, na klampu ya kusoma ampea. Mchague siku ya jua kali, saa sita. Kwanza azime inveta na apime volteji kwenye meinswichi. Ikisoma zaidi ya 250 wakati inveta yako imezima, basi transfoma imepangwa juu mno au kuna sola nyingine kwenye laini, na hapo lawama si zako. Ikisoma 238 au karibu na hapo, awashe inveta, asubiri ifike nguvu yake yote, kisha asome vitu vitatu kwa haraka kabla haijajitoa: ampea, volteji kwenye meinswichi, na volteji kwenye vituo vya inveta yenyewe.

Tofauti ya volteji kati ya inveta na meinswichi ni jukumu lako mwenyewe. Ikizidi volti 2.3, ambayo ni asilimia 1, waya wako wa ndani ni mwembamba au una kiungio kibovu. Kwa mfano wetu ni volti 3.4. Ukiweka shaba ya milimita za mraba 10 badala ya 4, inashuka hadi 1.4. Umepata volti 2 kwa bei ya mita 20 za waya, na inveta itapumua.

Kisha chukua volteji ya meinswichi inveta ikiwaka, toa ile ya inveta ikiwa imezima, gawanya kwa ampea. Hiyo ndiyo omu ya laini yako. Kwa umbali wako natarajia 0.88 hadi 1. Ukipata 1.3 au zaidi, kuna kiungio kilicholegea mahali fulani, na hilo lisisubiri. Omu 0.1 tu kwenye kiungio kimoja, kwa ampea 18, ni wati 32 zinazochoma sehemu isiyozidi ukucha. Tazama breka na vituo vya meinswichi: plastiki iliyobadilika rangi kuwa kahawia, skrubu iliyolegea, alumini iliyobanwa moja kwa moja na shaba bila kiunganishi chake maalumu na kuota unga mweupe. Upande wa nyumba yako fundi wako arekebishe. Upande wa mita na nguzo ni wa shirika, asiguse.

Baada ya hapo, dawa yenye nguvu kuliko zote ni kutumia umeme wako mwenyewe mchana. Kila wati inayotumika ndani haipiti kwenye zile mita 600. Ukihamisha pampu ya maji, pasi, kufua na birika kutoka jioni kwenda kati ya saa tano na saa nane, na matumizi yako yakafika kilowati 1.5, utasukuma nje kilowati 3 tu badala ya 4.5. Ukiwa na waya mpya wa ndani, ongezeko la volteji linashuka hadi kama 12, na inveta inasoma 250. Haizimi. Na usiku, kwa kuwa pampu haipo tena kwenye foleni ya jioni, ile 205 inapanda kidogo. Taima ya kawaida ya ukutani inatosha kwa vifaa vidogo. Kwa pampu tumia kontakta, swichi ya kubeba mkondo mkubwa, inayoendeshwa na taima, usipitishe mota moja kwa moja kwenye taima ya plagi.

Hatua inayofuata imo tayari ndani ya inveta nyingi za miaka hii, imezimwa tu: mpangilio unaopunguza nguvu taratibu volteji inapokaribia kikomo, badala ya kuzima kabisa. Mwambie fundi aitafute, aiwashe, aanzie kupunguza kwenye volti 250. Hapa ndipo kuingia kwenye mipangilio kuna maana. Kwa laini yako, ukiwa na waya mpya wa ndani, utaweza kusukuma kama kilowati 3.9 bila kuvuka 253, hata kama hakuna kinachotumika nyumbani. Unapoteza kilowati 0.6 kwa saa chache za jua kali. Leo unapoteza zote 4.5 kila inapozima. Australia, ambako nyumba zaidi ya milioni 3 zina sola juu ya paa, hii ni lazima kwa kila inveta mpya: kwa sehemu kubwa ya nchi hiyo nguvu huanza kupunguzwa volteji ikifika 253.

Mpangilio mwingine ni wa kuifanya inveta ivute umeme wa riaktivu, ule wa kujenga usumaku usioingia kwenye kazi yenyewe. Kwenye laini kubwa za kilovoti 33 unasaidia sana. Kwenye ABC ya mtaani ukinzani ndio unaotawala, kwa hiyo kwako utashusha volti 2 hivi, basi. Uwashe kama upo, ila usiulipie.

Betri? Inafaa, lakini watu wengi huiweka wakabaki na tatizo lilelile. Sababu ni kwamba betri huanza kujaza asubuhi kwa nguvu zote, inajaa saa nne, na jua likifika utosini haina pa kuweka. Kama utanunua betri ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100, ambayo ni kilowati-saa 5 hivi, weka mkondo wa kujaza kama ampea 24 na muda wa kuanza saa nne asubuhi. Itanyonya kilowati 1.2 kwa saa nne, saa zilezile zinazokusumbua, na jioni itakubebea taa na televisheni. Ila kwa kuondoa kuzimazima peke yake, waya na kuhamisha matumizi vinatosha. Betri inunue kwa sababu ya umeme kukatika au kwa ajili ya ile 205 ya usiku.

Inveta ya fezi tatu inavutia zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kilowati 4.5 zilezile zikigawanywa sawasawa kwenye fezi tatu, kila waya unabeba theluthi ya mkondo, na nyutro haibebi kitu. Ongezeko la volteji kwenye laini linakuwa moja ya sita ya la sasa: volti 16 zinakuwa chini ya 3. Lakini lazima uwe na mita ya fezi tatu, na gharama ya kubadilisha yote si ndogo. Kwa mtambo ulioshafungwa nisingekushauri. Kwa anayepanga kufunga kilowati 8 au 10 mwisho wa laini, aanzie hapo.

Hukusema kama una makubaliano na shirika ya kuingiza umeme kwenye gridi. Kama huna, usiendelee kusukuma nje. Funga klampu ya kihisi cha mkondo kwenye waya unaoingia kutoka mita na uweke inveta isitoe hata wati moja nje. Tatizo la volteji litaisha papo hapo. Kuna sababu ya mfukoni pia. Baadhi ya mita za LUKU huhesabu umeme unaotoka kana kwamba umeutumia, kwa hiyo unampa jirani umeme na uniti zinakatwa kwako. Jaribu siku ya jua: zima vifaa vyote vya ndani, iache inveta isukume dakika 10, angalia uniti kabla na baada.

Mwisho, shirika la umeme. Nenda, lakini nenda na karatasi. Kwa siku 7 andika volteji ya meinswichi mara nne kwa siku: saa moja asubuhi, saa sita mchana inveta ikiwa imezimwa, saa sita inveta ikiwaka, na saa mbili usiku. Ukifika ofisini anza na usiku. Hoja ya mchana wanaweza kukurudishia kwamba ni mtambo wako. Hoja ya 205 hawawezi, kwa sababu iko chini ya 207 na inawagusa wote wa mwisho wa laini, wenye sola na wasio nayo. Waombe kwanza wapime fezi zote tatu kwenye nguzo yenu. Mara nyingi fezi moja imebebeshwa nyumba nyingi kuliko nyingine, na kuhamisha nyumba chache ni kazi ya nusu siku. Waombe pia wakague viungio kutoka transfoma hadi kwako. Kama volteji haijakaa sawa, ombi la kudumu ni waya mnene. Kutoka milimita za mraba 50 hadi 95, ukinzani wa kila kilomita unashuka kutoka omu 0.641 hadi 0.320, nusu kamili, na hapo mchana na usiku vyote vinapona kwa pamoja. Mpeleke na jirani yako, na karatasi yake.